Vipande Arobaini na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Huu ni mwezi wa nne nakalia kiti chako na bado kinanikataa. Nikiegemea kushoto kinalia, nikiegemea kulia kinashuka. Mzee Vidole anasema kiti hakina kosa, kinashangaa tu. Yeye yuko palepale ulipomwacha, meza ya karibu na mlango, anapitisha vidole kwenye kila ukurasa kabla haujatoka kiwandani. Akikuta kosa anatoa mlio wa mtu aliyekanyaga mwiba. Wiki iliyopita alikanyaga miiba kumi na moja, yote yangu.

Nakuandikia kwa nukta nundu, usome kwa vidole vyako, kama ulivyotaka. Naelewa: simu yako ni ya Shangazi Mkubwa kuliko ilivyo yako, na barua hizi hapo nyumbani hakuna mwingine anayeweza kuzisoma.

Sasa habari kubwa. Ile programu uliyotuachia, inayogeuza maandishi kuwa nukta na kuyapeleka kwenye mashine ya kuchapa, nimeifanyia usafi. Unajua ugonjwa wangu, siwezi kukaa chumba kimoja na kitu kisicho na kazi. Niliandika programu ndogo ya ukaguzi. Inaingia kwa mlango wa mbele, yaani faili kuu, inafuata kila kipande kinachotajwa, halafu kila kinachotajwa na hicho, mpaka mwisho. Visivyotajwa na yeyote inaviorodhesha. Vilikuwa arobaini na kimoja, Shangazi! Vingine vina umri wangu.

Niliiangalia ile orodha kwa muda kabla ya kubonyeza. Nilijiuliza kama kitu kinaweza kuwa na maana wakati hakuna anayekiita. Halafu nikabonyeza, vikafutika vyote.

Pia nimeifanya ikabidhi kila kipande ukurasa mzima kwa mkupuo, badala ya mstari mmoja mmoja. Inakimbia sasa. Meneja alipita, akasoma zile namba, akasema, "Vizuri." Unamjua, kwake hiyo ni hotuba. Muda wangu wa majaribio kazini unaisha mwisho wa Aprili, na sharti lake ni lilelile: asipokee barua hata moja ya mteja anayelalamika juu yangu.

Mpwa wako


Jumatatu, 10 Machi

Mzee Vidole,

Kaa chini kabla hujaendelea, na kama mpwa wangu yuko karibu, ikalie barua hii.

Leo mleta barua amegonga mlango na vitu viwili. Barua ya mpwa wangu, na furushi zito hivi kwamba dada yangu aliuliza kama nimeagiza godoro. Ni noti zangu za kinanda. Wewe peke yako huko kiwandani unajua kwamba yule "Mwanafunzi wa Mwalimu wa Kinanda" aliyeagiza kurasa tisa ni mimi. Nimeletewa kurasa sitini na mbili.

Nimeweka kidole mstari wa kwanza nikitegemea mkono wa kulia wa wimbo. Nimesoma: noti, robo, juu, noti, robo, chini, noti, nusu. Kurasa sitini na mbili za mtu anayenisimulia ngazi, kidato kwa kidato.

Kabla sijafika ukurasa wa pili nilishajua. Ndipo nikafungua barua yake, na ndani yake anajisifu kwa usafi. Amefuta kigeuzi cha muziki, kile kipande kinachogeuza noti kuwa nukta. Vigeuzi vitatu vya mwanzo, vya hadithi, hisabati na gazeti, nilivitaja kwa majina kwenye faili kuu, enzi nilipokuwa bado mgeni wa kazi. Vilivyofuata sikuvitaja popote. Kadi ya kazi ikifika ndipo programu inasoma aina ya kazi, inaunda jina, inakwenda kwenye folda kumtafuta mwenye jina hilo na kumwamsha. Isipomkuta inatumia kigeuzi cha kawaida na kunyamaza kimya. Nani angejua? Na wewe sikulaumu, noti za muziki hapo kiwandani nilikuwa nazisoma mimi tu.

Tamasha ni tarehe 26 Aprili. Mwenye macho anapiga huku anasoma. Mimi vidole vya kusomea ndivyo hivyohivyo vya kupigia, kwa hiyo wimbo wote lazima uwe umeingia kichwani kabla sijapanda jukwaani, na kwa umri wangu ukurasa mmoja ni siku mbili, tatu. Nisipopata noti mwanzoni mwa Aprili, sipandi.

Nikilalamika kwa Meneja, mtoto anafukuzwa. Nikimwambia mwenyewe kwamba kosa liko pale na pale, atalirekebisha kwa dakika kumi, halafu atakalia kiti changu maisha yake yote, kisiwe chake kamwe. Na itabidi nimwambie kwamba shangazi yake, na miaka yake sitini na moja, anajifunza kinanda. Hilo sitaki.

Nitamvuta taratibu alione mwenyewe. Wewe funga mdomo. Najua unaweza, nilikuona mara moja, mwaka ule ulipong'olewa jino.

Mimi yuleyule


Jumatatu, 10 Machi

Mwanangu, marahaba.

Hongera kwa usafi. Huku hatujambo. Shangazi yako mkubwa amenunua redio mpya na sasa anabishana na watu wawili kwa wakati mmoja.

Nisaidie jambo moja. Nimekaa tangu asubuhi najaribu kukumbuka faili kuu linajuaje limwite nani, na limenitoka kabisa. Uzee huu. Fungua uangalie, halafu unieleze polepole, kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta. Usifupishe. Ninapenda kusoma habari za kazini.

Shangazi


Jumatatu, 17 Machi

Shikamoo Shangazi,

Usiseme uzee. Mimi nina miaka ishirini na sita na jana nilitafuta miwani nikiwa nimeivaa.

Nimefungua faili kuu ili nikujibu vizuri. Linapendeza, kwa kweli. Sijawahi kulisoma kwa utulivu, nilikuwa napita tu kama mtu anayepita ukumbi wa nyumba ya watu. Basi, sikiliza. Kuna watatu wanaotajwa kwa majina, wa hadithi, wa hisabati na wa gazeti. Hao ndio wanaofanya karibu kazi yote ya kila siku. Chini yao kuna mstari mmoja tu, mfupi, nilidhani ni wa mapambo. Kumbe ndio wenye mambo. Kadi ya kazi ikiingia na aina ambayo si ya wale watatu, mstari huo unachukua neno lililoandikwa kwenye kadi, unaliunganisha na neno "kigeuzi", unapata jina. Halafu unakwenda kwenye folda kumtafuta mwenye jina hilo. Ukimkuta unamwamsha, unamuuliza anajua kufanya nini, na akijibu unamkabidhi ukurasa. Yaani programu inajichungulia yenyewe wakati inatembea! Haijui asubuhi itamwita nani mchana. Kwa hiyo jina la kipande halimo popote mpaka kadi ifike, kwa hiyo ukilitafuta ndani ya programu hulipati, kwa hiyo hata ukaguzi wangu ukipita hauwezi

Shangazi, nimeitwa. Nitamalizia siku nyingine. Huku kwema kabisa.

Mpwa wako


Jumanne, 18 Machi

Bosi wangu wa zamani,

Ameona.

Jana nilikuwa nasikia mashine yake ya nukta ikigonga kwa raha, taka-taka-taka, mara ikanyamaza. Nikahesabu, maana sina kazi nyingine ya kufanya wakati wa kimya. Kama dakika mbili. Halafu ikagonga kidogo, taka-taka, akaitoa karatasi. Halafu kiti chako kikaanguka chali. Nikamuuliza, "Vipi, mama?" Akasema, "Nimeitwa." Nani kamwita? Tulikuwa wawili chumbani.

Alishinda kwenye kabati la kadi za kazi. Leo asubuhi amekuja kwangu, akasimama mbele ya meza, pumzi juu juu.

"Mzee, kazi ya muziki imetoka ngapi tangu nifanye usafi?"

"Moja."

"Uliisoma?"

"Mimi muziki nausikia tu, siusomi."

"Nani anasoma?"

Nikasema, "Alikuwepo mmoja." Alichukua kadi, akaisoma kwa sauti: Mwanafunzi, kwa mkono wa Mwalimu wa Kinanda. Akairudia mara mbili. Nilijiuma ulimi hadi sasa siwezi kunywa kitu cha moto.

Nakudai mdomo mpya.

Vidole


Alhamisi, 20 Machi

Mteja Mpendwa,

Hunijui. Mimi ndiye ninayeshughulikia programu katika kiwanda kilichokuletea kurasa sitini na mbili za upuuzi. Hujalalamika, na hilo linanisumbua zaidi kuliko kama ungelalamika, maana naogopa umedhani kosa ni lako, kwamba vidole vyako ndivyo visivyojua kusoma.

Vidole vyako havina kosa. Kosa ni langu.

Nilifuta kigeuzi cha muziki kwa sababu sikuona mtu anayekiita. Sikujua kwamba kinaitwa kadi inapofika tu, na kwamba kadi hiyo ilikuwa njiani, yako. Programu isipokuta kipande inatumia kingine na kunyamaza. Aliyeiandika hivyo lazima alikuwa na sababu zake.

Nimemwambia Meneja jana. Aliuliza kama mteja amelalamika, nikasema hapana. "Basi kwa nini unaniambia?" Nikasema sijui. Ameandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani nakijua.

Kigeuzi nimekirudisha kutoka kwenye nakala za akiba, lakini hakifanyi kazi kama zamani, kwa sababu nilibadilisha mambo mengine pia. Hapa hakuna anayesoma noti za nukta nundu. Kwa siku tatu hizi nimejifunza kwenye kitabu cha kiwanda, kwanza kwa macho, halafu nikafumba macho nikatumia vidole, na sasa najua kiasi cha kujua kwamba sijui. Naambatanisha kurasa tatu za mwanzo. Tafadhali niambie ukweli, hata kama ni mchungu. Mwalimu wako ameandika kwenye kadi kwamba una tamasha tarehe 26 Aprili. Silali vizuri.

Jambo la mwisho, halikuhusu. Aliyeandika programu hii ni shangazi yangu. Barua moja kwake ingetosha. Sijamwandikia. Aliniuliza swali, nikaanza kumjibu, na katikati ya sentensi nikaona nilichofanya, nikamdanganya kwamba nimeitwa. Ni rahisi kukwambia wewe, kwa sababu sitakusikia ukinyamaza.

Kwa unyenyekevu,
Mwandishi wa programu


Alhamisi, 20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Huku kwema. Mvua ilinyesha Jumanne. Lile swali lako nitalijibu nikipata nafasi. Kazi inaendelea vizuri sana.

Mpwa wako


Jumanne, 25 Machi

Kwa Mwandishi wa Programu,

Nimepokea kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ni muziki. Wa pili ni muziki mpaka mstari wa saba, na kuanzia hapo mkono wa kushoto unapanda juu ya mkono wa kulia kama abiria wanaogombea kiti. Wa tatu sijauelewa, na Mwalimu alipoupiga kama ulivyoandikwa, paka alitoka nje.

Inaonekana kigeuzi chako kinapewa ukurasa mzima kwa mkupuo. Muziki wa kinanda una mikono miwili. Kipewe mstari wa kulia, kisha wa kushoto, kwa zamu. Nakisia tu, mimi si mtaalamu.

Umesema programu hunyamaza na kwamba aliyeiandika lazima alikuwa na sababu. Naona hakuwa na sababu yoyote. Alikuwa mvivu, au alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Sitalalamika kwa mtu yeyote. Ninachotaka ni kurasa tisa, na ninazitaka upesi. Ukipenda kuja kwenye tamasha, kutakuwa na kiti chako safu ya mbele. Mwalimu atakipa alama.

Mwanafunzi


Jumanne, 1 Aprili

Mteja Mpendwa,

Ulikisia sawasawa, na nimeshangaa, maana mimi nililipwa mshahara wa kulijua hilo na sikulijua. Kurasa zote tisa zimo humu. Nimezipitia noti kwa noti, mara nne, mkono mmoja kwenye karatasi ya wenye macho na mwingine kwenye yako. Nimeanza kuusikia wimbo wenyewe nikiwa napiga mswaki.

Lakini kuhusu shangazi yangu, naomba tuheshimiane. Usimwite mvivu mtu usiyemjua. Nimemuuliza msomaji wetu, mzee aliyefanya naye kazi miaka ishirini na mbili. Zamani mashine ya kuchapa ikisimama ilibidi mtu apande ngazi ya chuma kuiwasha upya, na waliokuwa wakifanya kazi ghorofa ile wote walikuwa hawaoni. Mzee mwenyewe alianguka kutoka ngazi ile na kukaa nyumbani mwezi mzima. Wiki aliyorudi kazini, shangazi yangu alibadilisha programu isisimame kamwe, hata ikikosa kipande. Alichagua ukurasa mbovu badala ya mguu uliovunjika. Huo si uvivu. Mvivu ni mimi, niliyeona jina halipo nikadhani mwenyewe hayupo.

Ngazi ile iliondolewa siku nyingi. Kwa hiyo sasa programu haisimami wala hainyamazi, inapiga kengele. Tangu Alhamisi imelia mara mbili, kwa mafumbo ya maneno na kwa mifano ya kufuma sweta. Vyote viwili nilikuwa nimevifuta. Nimevirudisha, pamoja na vingine thelathini na nane, viamue vyenyewe.

Nitakuja. Meneja amenipa ruhusa ya siku moja na hakuuliza ninakwenda wapi.

Mwandishi wa programu


Ijumaa, 4 Aprili

Bosi,

Mtoto wako ana hasira tangu apate barua ya yule Mwanafunzi asiye na adabu. Juzi alipiga meza yangu. "Mzee, mtu anamwita shangazi yangu mvivu!" Nikamwambia wanafunzi wa muziki wana kiburi, ni jambo la kawaida. "Kiburi gani, mtu hata noti hana!" Nikameza kicheko kikanirudi puani.

Barua hiyo uliiandika kwa mashine yako ileile, yenye nukta ya sita isiyobonyea vizuri. Mimi kipofu nimeona. Yeye mwenye macho hajaona. Tushukuru.

Lakini nikwambie la kweli. Alipokuja kuniuliza habari za ngazi, nilikuwa nimeshaisahau. Nilimweleza, akasema, "Kwa hiyo ni wewe." Nikasema ni mimi nini? Akasema, "Uliyemo ndani ya ule mstari." Sijui vijana wa siku hizi wanasoma nini. Nilijifanya natafuta kitambaa.

Hivi wewe ulikumbuka kwamba ulifanya hivyo kwa ajili yangu? Kwenye barua yako umejiita mvivu bila hata kusita.

Mwambie, Bosi. Barua mbili kwa wiki kwa mtu mmoja mwenye majina mawili, ulimi wangu hauna tena sehemu ya kuuma.

Vidole


Jumatatu, 28 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Juzi sikuweza kusema nawe ukumbini, kwanza kwa sababu nilikuwa nalia, pili kwa sababu nina hasira, na tatu kwa sababu Shangazi Mkubwa alikuwa amekukumbatia na hakukuachia. Kwa hiyo nakuandikia. Nakuandikia mtu mmoja, naomba nijibiwe na mtu mmoja.

Nilifika mapema. Kiti changu kilikuwa na kikaratasi: Mgeni wa Mwanafunzi. Nilikaa kama mwali. Nilikuwa nimejiandaa kumsalimia kijana mmoja mwenye kiburi, tena nilikuwa nimeshatunga nitakalomwambia kuhusu heshima. Walipiga watoto watatu, akapiga mzee mmoja. Halafu Mwalimu akaingia ameshika kiwiko cha mwanamke aliyevaa gauni la kijani, na mimi nikaanza kuujua ule mgongo kabla kichwa hakijakubali. Nikasema kwa sauti, "Hapana." Mama aliyekaa kulia kwangu akasema, "Subiri kwanza apige."

Ukapiga. Shangazi, ulipiga! Nilikuwa nausikia kwa vidole. Kila noti nilijua inatoka ukurasa gani, mstari gani, na mahali gani nilikosea mara ya kwanza.

Halafu ukurasa wa tano. Pale mkono wa kulia unapoacha na wa kushoto unashuka peke yake. Ulinyanyua mikono na haikurudi. Nilidhani ni pumziko. Nikahesabu mpaka nne, na pumziko pale ni la mbili. Mabega yako yakapanda. Mwalimu akasogea kwenye kiti chake, naye hakuwa na la kufanya. Pale mahali nilikuwa nimepigana napo siku mbili nzima, kigeuzi kilikuwa kinazila noti nne za kwanza kila nilipokigusa, mpaka nikaziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya kompyuta. Nilizijua kuliko jina langu. Na wewe ulikuwa umekaa kule juu, mita tatu kutoka kwangu, huzijui.

Nikaziimba. Mimi, niliyeombwa na mwalimu wa darasa la tatu nifungue mdomo tu bila kutoa sauti. Zote nne, katikati ya ule ukimya. Mama wa kulia akasema, "Mtoeni huyu." Na wewe ukageuza kichwa kidogo, ukacheka mbele ya ukumbi mzima kama uko jikoni, ukashusha mkono wa kushoto, ukaendelea mpaka mwisho.

Kwa nini hukuniambia? Nilikutetea kwako mwenyewe, kurasa mbili! Nilikuandikia mambo ambayo sijawahi kumwandikia mtu.

Meneja ameamua leo asubuhi. Ameniongezea miezi mitatu ya majaribio. Mzee Vidole anasema ni heshima kubwa, yeye hajawahi kuvumiliwa kiasi hicho. Kumbe naye alijua! Amenipa pole huku anacheka.

Mpwa wako, ambaye hajakusamehe


Ijumaa, 2 Mei

Mwanangu, marahaba.

Mzee Vidole ameniandikia haraka haraka kunishauri. Anasema nikuambie nilikuwa nakupima, nione utamfanyia nini mtu usiyemjua. Ni jibu zuri na lingenipa sura ya mtu mwenye hekima. Lakini si kweli.

Niliona haya. Kazi yangu ninaijua, na kwa miaka yote umenijua kama mtu anayejua. Kinanda sikijui. Nilikianza mwaka jana kwa sababu nyumba ya dada yangu ina kelele na kinanda ndicho kitu pekee kinachoweza kuishinda redio yake. Nikajikuta nakipenda, jambo la aibu kwa umri huu. Nikatumia jina la Mwanafunzi ili nikishindwa, awe ameshindwa yeye. Ningerudi nyumbani, nikavua gauni, na wewe ungekuja likizo ukanikuta shangazi yako yuleyule.

Halafu Mwanafunzi akaanza kupata barua ambazo mimi sipati. Mimi nilipewa mvua ya Jumanne. Yeye akapewa yote. Nilimwonea wivu, mwanangu, nikaendelea kumwandikia ili nizipate. Hilo ndilo la kukuomba msamaha, nami nauomba.

Habari ya ngazi. Nilipousoma ule ukurasa wako nilikaa nao hadi chakula kikapoa. Nilikuwa nimesahau kabisa kwa nini niliandika ule mstari. Nilikumbuka kosa, sikukumbuka sababu. Umeniletea kitu changu ambacho sikujua kimepotea, na umekileta kwa kunikaripia, ndiyo maana nimekiamini.

Sasa tuzungumzie uimbaji wako. Nilipokwama, ilikuwa giza hata kwangu mimi niliyelizoea. Nilikuwa nimeshaamua kusimama, kuinama na kutoka. Ndipo ikaja sauti hiyo, mbaya ajabu, noti ya tatu iko chini, ya nne imechoka. Niliijua kwenye noti ya kwanza. Nilicheka kwa sababu nilielewa kwamba umeniona nimeshindwa, na lile nililokuwa naliogopa tayari limekwisha, na mkono wangu unajua pa kwenda.

Mwalimu amekasirika. Anasema wimbo ule hauna sehemu ya kuimba. Hata hivyo ananitaka tena Agosti, wimbo mrefu zaidi, na ameuliza aandike nini kwenye karatasi ya ukumbini, Mwanafunzi kama mwanzo? Nimemwambia aandike majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa.

Na wewe amekutengea kiti. Safu ya mwisho, karibu na mlango.

Shangazi